Hariri ya Zambarau Iliyokwenda Ludlow

Preston, 4 Novemba 1861

Hester mwanangu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili, maana ni nyingi. Mimi nipo. Goti la kushoto tu limenigomea tangu mvua zianze, na ngazi za duka nazipanda kama mbuzi mzee. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya boksi la kofia ya mke wa daktari, na mwenyewe alipokuja kuichukua akakuta vichwa vinne vinamtazama. Ameichukua hivyo hivyo. Biashara haijambo. Letty je? Atakuwa amefikisha miaka mitano sasa, na sijui hata sauti yake ikoje.

Mitindo imebadilika, mwanangu. Unakumbuka zile kofia za ujana wa mama yako, ndefu mbele kama handaki? Msichana aliona njia tu, wa kulia wala wa kushoto hakumjua, na baba zetu walizipenda kwa sababu hiyo hiyo. Halafu zikaja zile za kuning'inia kisogoni, zinazoacha uso wote ulowe mvua. Sasa ukingo umepanda juu ya paji la uso kama kijiko kilichosimamishwa, na ndani ya kijiko unajaza maua ya hariri. Ukiivaa, unaonekana umeshtuka kidogo. Wanawake wanapenda kuonekana wameshtuka.

Nimefika kwenye nililotaka kusema. Januari unatimiza miaka miwili tangu Ambrose atutoke. Mjane akimaliza miaka miwili ya nyeusi anahamia kijivu na zambarau nyepesi, kila mtu anajua. Hariri yako nimeshaikata. Zambarau iliyopauka, kama maua ya nyuma ya nyumba ya babu yako baada ya siku tatu za jua. Kiunzi nakisokota mwenyewe kwa waya, simpi mtu.

Na ukishaivaa, panda treni uje nayo. Chumba cha juu ni chako na cha mtoto. Una vidole vya kushona kuliko binti yeyote niliyewahi kumfundisha, na huko unavitumia kummiminia chai yule mama mkwe wako, yule mama mwenye mdomo kama mshono uliovutwa sana. Inatosha sasa. Njoo.

Shangazi yako,
Keziah Ormerod


Ludlow, 20 Novemba 1861

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia habari zako, na pole kwa goti. Sisi hatujambo. Letty ameng'oka jino la kwanza na amelihifadhi ndani ya kikombe. Huku kuna ukungu tangu wiki iliyopita, ngome hatuioni kabisa. Shemeji Edmund amepata mafua, sasa ana nafuu.

Asante kwa kunifikiria kuhusu kofia.

Nakuomba, shangazi, usimtaje mama mkwe kwa namna ile katika barua zako. Ananitendea wema mwingi, mimi na mtoto.

Wako mtiifu,
Hester Pargeter


Preston, 19 Desemba 1861

Hester mwanangu,

Salamu, na msamaha kwa mwandiko huu. Vidole vimekuwa vyeusi mpaka kwenye kucha. Bila shaka na huko mmesikia: mume wa Malkia amefariki Jumamosi, na tangu Jumatatu asubuhi mlango wangu haujafungwa. Kila mwanamke anataka nyeusi, na anaitaka jana. Nimevua maua kwenye kofia kumi na nane za sikukuu, nikafunga krepe, kile kitambaa cha msiba chenye mikunjo mikunjo, mpaka krepe ikaniishia. Sasa nazunguka mji mzima naomba mabaki. Nalala naiota krepe imenizinga usoni.

Yako tu ndiyo haikuguswa. Nilikuwa nayo mezani katikati ya weusi wote ule, na mke wa muuza nyama akanyoosha mkono akasema, "Hii nayo utaitia rangi lini?" Nikamwambia, "Hii ina mwenyewe, na mwenyewe ameshalia ya kwake yakaisha."

Nimeituma leo kwa treni. Riboni ni pana kama kiganja, ifunge chini ya sikio la kushoto, sio katikati. Nyuma nimeshusha kipazia kifupi cha kukufunika shingo, maana shingo yako hushika baridi. Niandikie ikifika. Niandikie inakaaje.

Hukunijibu juu ya chumba.

Shangazi yako,
Keziah


Ludlow, 30 Januari 1862

Shangazi mpendwa,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Letty hajambo.

Kofia imefika. Asante sana kwa kazi yako.

Kwa kuwa Malkia yuko katika msiba, nyumba yetu imeona vyema kuendelea na nyeusi.

Wako,
Hester


Preston, 24 Februari 1862

Hester,

Salamu. Mimi mzima, goti zima, paka mzima.

Nilikufundisha kuandika, mwanangu. Ulikuwa na miaka saba, ulikaa chini ya meza yangu ya kukatia, na ulichoandika cha kwanza ni orodha ya watu usiowapenda. Sijawahi kupata kwako barua ya mistari sita. Mara ya mwisho uliponiandikia kutoka Ludlow kabla ya msiba ulijaza kurasa nne juu ya bata tu.

Nauliza tena, na safari hii nijibu. Kofia inakukaa? Kijiko kimepanda sana? Ile zambarau inaelewana na macho yako, au nimeikosea? Miezi miwili niliishika mikononi nikifikiria kichwa chako, hata kama umeichukia niambie. Nimezoea wateja.

Na kama kuna jambo nimekukosea, sema hilo pia.

Huku mambo ni mazuri, duka limejaa. Ukija hutakaa bure.

Shangazi yako


Preston, 7 Aprili 1862

Hester, leo ni wiki ya sita. Je, mnaumwa? Andika hata neno moja. Mwambie Letty achore kitu.

K.


Ludlow, 2 Mei 1862

Shangazi yangu,

Hii naiandika jikoni na nitaipeleka posta mwenyewe. Mama mkwe amekwenda Shrewsbury kwa mng'oa meno na atalala huko. Sina muda, kwa hiyo salamu zangu zote zihesabu umezipata.

Barua zangu anazisoma kabla hazijatoka. Zako anazisoma kabla sijaziona. Ile ya Novemba, ya mdomo kama mshono, aliisoma kwa sauti mezani mbele ya Edmund na mkewe, neno kwa neno, halafu akanikabidhi akasema, "Shangazi yako ana kipaji." Kwa wiki tatu hakuna aliyezungumza nami pale mezani isipokuwa Letty. Zako za Februari na Aprili sikupewa. Nimezikuta leo kwenye droo ya meza yake. Nimezisoma nikiwa nimepiga magoti, kisha nikazirudisha kama zilivyokuwa.

Umeniuliza kuhusu kofia. Boksi lilikaa chumbani kwake mpaka katikati ya Januari, ndipo akalifungua mwenyewe. Aliishika vizuri, shangazi, anajua kazi. Aliigeuza, akatazama mishono ya ndani, akapuliza vumbi kwenye riboni. Akasema, "Kazi safi. Tutaipeleka kwa mtia rangi."

Nikamwambia, "Mama, miaka miwili imetimia tarehe kumi na moja."

"Malkia wa nchi hii amevaa nyeusi, Hester. Wewe ni nani hata uvae maua?"

"Malkia amefiwa mwezi uliopita."

"Na mimi nimefiwa na mwanangu," akasema. "Kwangu ni mwezi uliopita kila mwezi."

Na alikuwa anasema kweli. Ndilo linalonishinda kwake. Hadanganyi. Anamlilia Ambrose kila siku na anataka niwe kaburi lake linalotembea, alione mbele yake asubuhi na jioni.

Ilirudi baada ya siku tisa. Kiunzi kimepinda, hariri imekakamaa kama karatasi iliyolowa ikaanikwa, inanuka siki. Niliivaa kanisani Jumapili ile. Tulipokuwa tunarudi mvua ikatunyeshea, na Letty akanivuta mkono akasema, "Mama, unalia wino." Sikuwa nalia. Ilikuwa rangi inashuka. Sikuweza kukuandikia hayo akiwa amesimama nyuma ya kiti changu. Na kukudanganya kwamba inanipendeza, hilo pia sikuweza.

Sasa juu ya chumba chako cha juu. Ambrose aliandika wosia majuma mawili kabla hajafa. Ulezi wa Letty aliwapa mama yake na Edmund. Mimi nakaa na mtoto maadamu naishi chini ya paa hili kama mjane wake. Nikiondoka, naondoka peke yangu. Nilimuuliza wakili kama sheria inaruhusu baba kumfanyia mama hivyo. Alisema inaruhusu. Alisema huku anatazama dirishani.

Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza kama Ambrose alinipenda, na sina jibu.

Machi nilijaribu. Nilimvalisha Letty magauni mawili, moja juu ya jingine, tukatoka kana kwamba tunakwenda sokoni, tukafika stesheni, nikakata tikiti. Edmund akaja. Hata hakukimbia. Akavua kofia yake, akasema kwa upole kabisa, "Shemeji, wewe panda tu. Treni ni ya kila mtu. Mtoto ndiye anabaki." Akamnyooshea Letty mkono. Treni ikafika, ikasimama, watu wakapanda, ikaondoka, nami nimesimama palepale na tikiti ya kuja kwako Preston mkononi. Tangu siku hiyo sitoki bila Prudence, mtumishi wa nyumba.

Usinijibu juu ya haya. Andika habari za paka.

Hester wako


Preston, 12 Mei 1862

Hester mpendwa,

Nakusalimu wewe, na kwa heshima zote namsalimu Bi Pargeter, nikitumaini afya yake ni njema na kwamba meno hayamsumbui, maana katika umri wetu meno husumbua. Nilipata kuandika maneno ya utovu wa adabu mwaka jana, na namwomba radhi. Mwanamke anayekaa peke yake na sindano mdomo humtoka.

Paka hajambo.

Nina habari moja, nayo sikupenda kukwambia mapema. Tangu vita ya Amerika ianze pamba haiji, na viwanda vya Preston vinafungwa kimoja kimoja. Nilikuandikia duka limejaa, na ni kweli limejaa, lakini limejaa kofia. Zile wiki chache za msiba wa Malkia ndizo zilikuwa za mwisho. Sasa wanawake niliowashonea za harusi wanakuja kuniuliza kama nitazinunua tena, na mbele ya mlango wangu watu wanapanga foleni ya supu ya msaada.

Kwa hiyo nimefunga. Daktari anasema moshi wa hapa haufai kifua changu na anashauri hewa ya mashambani. Nimetafuta, nimepata, kwa bahati njema sana, kiduka kidogo chenye dirisha zuri hapo hapo Ludlow, katika mtaa wenu, upande wa pili wa barabara. Naingia mwishoni mwa Juni. Sina mtu ninayemjua mjini humo isipokuwa ninyi, na nitafurahi mno kumwambia kila mteja kwamba mimi ni ndugu wa nyumba ya Bi Pargeter.

Kwa heshima,
Keziah Ormerod


Ludlow, 21 Mei 1862

Mpendwa Bi Ormerod,

Mama mkwe ameisoma barua yako na ameniomba nikujulishe mambo yafuatayo. Kwamba hewa ya Ludlow ni ya unyevunyevu na haifai kifua. Kwamba mji una mshona kofia tayari. Kwamba familia ya Pargeter haina desturi ya kujulikana kwa undugu na watu wa dukani, na angependa desturi hiyo iheshimiwe.

Mimi na Letty hatujambo.

Hester Pargeter


Preston, 27 Mei 1862

Hester mpendwa,

Mwambie Bi Pargeter namshukuru sana kwa kunihurumia kifua. Kodi ya nusu mwaka nimeshalipa.

Keziah


Ludlow, Jumatano, 8 Oktoba 1862

Shangazi yangu,

Tunaonana kila Alhamisi na bado nakuandikia, utacheka. Lakini Prudence anakaa katikati yetu na kazi yake ya kufuma, na tunachozungumza ni bei ya riboni. Hii nitaiacha kesho chini ya boksi la manyoya atakapogeuka. Nataka ujue yaliyopita ndani ya nyumba hii, maana wewe umeyaona kutoka upande wa pili wa barabara tu.

Ile barua yako ya Mei aliisoma mwenyewe kimya, akiwa na mkate mkononi. Alipofika mahali pa kiduka aliurudisha mkate kwenye sahani. Akamwambia Edmund, "Anakuja." Edmund akauliza nani. "Shangazi. Yule wa mshono." Kisha akanigeukia mimi. "Habari za meno yangu ulimwandikia wewe." Nikasema ndiyo. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili kumjibu bila kwanza kutazama chini. Ndipo akaniketisha nikaandika ile barua ya unyevunyevu, akinitajia neno kwa neno.

Siku ulipofungua duka akaniita sebuleni. Akasema, "Ukivuka barabara hiyo kuingia mle, Letty anakwenda shule ya bweni kabla ya wiki kwisha." Ndiyo sababu sikuja, shangazi. Julai nzima na Agosti nzima nilikutazama kutoka dirisha la juu ukitoa kofia asubuhi na kuziingiza jioni, ukishika goti. Hukutazama juu hata mara moja. Nilijua ni kwa ajili yangu, na bado iliniuma.

Sikujua unafanya nini na ulimi wako mle ndani. Nimejua baadaye. Kumbe kila aliyeingia kununua utepe alitoka akijua kwamba wewe ni shangazi wa mkwe wa Bi Pargeter, nyumba ile yenye mlango wa kijani. Na mama mkwe alikuwa ameuambia mji kwamba mimi ni wa jamaa ya matajiri wa hariri wa kaskazini! Miaka sita ameusema uongo huo. Nilikuandikia hadanganyi. Nilikosea. Kwa ajili ya mji anadanganya.

Mwanzoni mwa Septemba alikuja kunywa chai Bi Lutwyche, mke wa mchungaji, na kichwani ana kofia yako, ile ya kijani yenye matunda ya cheri. Mama mkwe bado anavaa zile za handaki, unazijua, kwa hiyo ilibidi ageuze mwili mzima kumtazama.

Bi Lutwyche akasema, "Bi Pargeter, huyu Ormerod ni fundi! Mbona ulituficha? Lakini ananitia huzuni. Anasema hajamkumbatia mtoto hata siku moja, na yuko hatua ishirini. Nikamwambia lazima kuna ugonjwa ndani ya nyumba. Kuna ugonjwa?"

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Letty akasema, "Hatuumwi." Mama mkwe akamtazama, kisha akaniangalia mimi, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekosa mahali pa kutokea.

"Homa kidogo," akasema. "Imekwisha."

Bi Lutwyche akasema, "Basi vizuri. Kesho ni Alhamisi, nitakuwa dukani. Nitawaona hapo."

Hivyo ndivyo nilivyopewa Alhamisi yangu. Saa tisa mpaka saa kumi, na Prudence. Bado nimevaa nyeusi. Bado barua nyingine zote zinasomwa. Letty si wangu kwa sheria, na hatakuwa wangu mpaka akue awe wake mwenyewe. Sitaki ujidanganye kwamba umenitoa. Hukunitoa. Umeuacha mji wako ukaja kukaa nje ya mlango wangu, na kuna siku nikikuona unafagia kizingiti nauonea wivu ufagio.

Lakini nataka kukwambia juu ya Alhamisi iliyopita. Letty alikuwa amelala mapajani mwako na mdomo wazi, nawe ulikuwa unashona kwa mkono mmoja usimwamshe. Saa ya kanisa ikagonga kumi. Prudence akasimama akachukua shali. Wewe ukaweka sindano chini, kama tunavyofanya siku zote, ukaanza kumwinua mtoto.

Nikasikia sauti yangu inasema, "Kaa chini, Prudence. Mtoto amelala."

Akakaa, shangazi. Ulimwona. Akakaa akaendelea kufuma.

Tuliondoka saa kumi na robo. Mama mkwe alikuwa amesimama ukumbini. Akatazama saa ya ukutani, akanitazama mimi. "Mmechelewa."

"Ndiyo, mama," nikasema, nikampeleka Letty juu bila kueleza neno.

Nilingoja adhabu wakati wa chakula cha jioni, hakuna kitu. Nikangoja Ijumaa, Jumapili, Jumatatu. Leo Jumatano, hakuna kilichotokea.

Kesho nitakaa mpaka saa kumi na nusu.

Hester